Hamsini kwa Pumzi Moja

Kwetu huku mtu asipoitikia salamu, watu husema ana kiburi au ana msiba. Mama Michezo alipohamia Rubwera kuwa afisa michezo wa wilaya ya Kyerwa, wiki haikuisha mtaa ulikuwa umeshamhukumu: kiburi. Asubuhi alikwenda ofisini kwa miguu, amenyooka, macho mbele, na mzee wa watu akimwambia "Umeamkaje, waitu?" anampita kama anapita mgomba. Halafu akifika kwenye nguzo ya umeme iliyofuata anasimama, mabega yanashuka, anageuka, anarudi mwendo wote ule mpaka kwa yule mzee, anakunja goti, anamwamkia kwa heshima zote, anamuulizia wajukuu, kahawa na mguu unaomsumbua. Mzee anabaki ameduwaa, hajui kama huyu mwanamke ana adabu au hana.

Mgahawa wangu uko mkabala na ofisi za halmashauri, kwa hiyo sinema hiyo niliitazama kila siku huku nachoma chapati. Mwishowe nikashindwa kuvumilia. Siku moja alipokuja kunywa chai nikamwuliza ana ugomvi gani na salamu za watu.

"Kati ya nguzo na nguzo huwa sivuti pumzi," akasema, kama mtu anayekwambia kwamba yeye hali pilipili.

"Huvuti pumzi? Kwa nini?"

"Mazoea, Mama Koku. Niongezee sukari."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba yule mwanamke mwenye mabega mapana, ambaye fundi cherehani wa sokoni alimpima mara mbili kwa kutoamini futi yake, alikuwa bingwa wa taifa wa kuogelea. Tena si kuogelea kwa kujifurahisha. Mbio fupi, mita hamsini, kutoka ukuta mmoja wa bwawa hadi mwingine. Wengine katika mbio hizo hugeuza kichwa mara moja au mbili kuvuta hewa. Yeye hakugeuza. Alivuta pumzi moja juu ya jiwe la kurukia, akaenda nayo mpaka mwisho, na kwa miaka mingi hakukuwa na mwanamke wa nchi hii aliyemtangulia kufika.

Ningekuwa na akili ningeogopa siku ile ile. Sikuogopa. Nilimwongezea sukari, na nikampenda, kwa sababu alikuwa mtu wa kuchekesha na mkweli, na mtaa wetu una uhaba wa vyote viwili.

Medali zake hazikutundikwa ukutani. Moja ilifungia mlango wa banda la kuku, utepe wake umefifia hata rangi haijulikani. Nyingine alimpa mtoto wa jirani achezee. Nilipomwambia ni dharau akacheka, akasema kuku wake ndio kuku pekee Kyerwa wanaolindwa na taifa. Lakini kulikuwa na mashindano fulani ambayo hakuyatania hata siku moja. Alikuwa amekwenda nje ya nchi, mbele ya watu wengi, na katikati ya bwawa akageuza kichwa akavuta hewa. Mara moja. Akatoka wa nne.

"Kila pumzi ni mkono mmoja," alikuwa akisema. Mkono ni ule mpigo wa mkono majini. "Ukivuta, umempa mwenzako mkono. Mimi niliwapa."

Nilimwambia wa nne kati ya mataifa si haba. Aliniangalia kwa macho ambayo sijayasahau, akaacha chai yake mezani, akaenda. Alirudi kesho yake kama kawaida na hatukuzungumza tena jambo lile.

Na hapa ndipo ninapomwona vibaya, hata leo ambapo nina huruma naye. Maana kulikuwa na siku nyingine, ambayo mtu yeyote mwenye mama angeiita siku mbaya kuliko hiyo ya nje, na yeye aliisimulia akitabasamu. Fainali ya taifa. Aligusa ukuta kabla ya wenzake wote. Wenzake wakafika, wakainua vichwa, wakavua miwani, wakatazama nani kashinda. Yeye alikuwa amelala kifudifudi juu ya maji, mikono imetanuka. Watu vitini walipiga makofi, wakidhani ni madaha ya mshindi. Msafisha bwawa ndiye aliyetupa fagio akaruka na nguo zake, akamtoa. Medali walimvalisha amelazwa kwenye sakafu, anatapika maji.

"Uliona nini?" nilimwuliza, nikitarajia aseme giza, au malaika.

"Sikuona kitu. Ila nilisikia raha, Mama Koku. Unakumbuka ukiwa mdogo, umelala, na wakubwa wanaongea chumba cha pili? Unawasikia lakini hawakuhusu. Ilikuwa hivyo."

Nikamwambia aache kunitisha, nina wateja.

Mambo ya nyumbani kwake nayo hayakuwa ya kawaida. Sisi tunaojua taabu ya maji huweka kila ndoo imejaa, kila pipa limefunikwa. Kwake, jioni, ndoo zote zilikuwa zimepinduliwa. Beseni limepinduliwa. Akitaka maji ya kupikia usiku alikuja kuniomba jagi. Majirani walisema ni kwa ajili ya mbu, na yeye akawaacha waamini hivyo. Mimi aliniambia neno moja tu: "Maji yakikaa karibu nayasikia." Nilidhani ananitania, maana alikuwa na utani wa kukausha uso. Sasa sidhani hivyo.

Kanisani alikaa nyuma, karibu na mlango. Kwaya ilimwomba ajiunge, akakubali, na ikawa kichekesho cha parokia: "Amina" ya mwisho wenzake wanakata, yeye anaendelea nayo, sauti haitikisiki, mpaka mwalimu wa kwaya anamfanyia ishara ya kumsihi. Watu walicheka na kupiga vigelegele. Mimi nilikaa upande wa akina mama, benchi la mbele, na nikaona midomo yake. Ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau mbivu.

Sasa niseme jinsi yalivyonifikia mimi.

Ukitoka mjini kuelekea Nkwenda kuna shimo ambalo mkandarasi wa barabara alichimba moramu akaliacha. Mvua zikalijaza. Ng'ombe walinywa humo, wanawake walifua humo, na watoto walicheza kandokando, mpaka mtoto wa dereva mmoja wa bodaboda alipoingia kufuata mpira. Huku kwetu ni vilima na migomba. Mtu anaweza kuzeeka bila kujua kuelea. Watu wazima walisimama ukingoni wanapiga kelele, wanatupa matawi. Alipotolewa ilikuwa ni kwa ajili ya kuzikwa. Bibi mmoja, jirani yangu, alisema msibani kwa sauti ya chini, "Maji yaliyokwisha kula huzoea."

Mama Michezo hakulia msibani. Aliondoka kabla ya chakula, akaenda ofisi ya kijiji, akasema kila mtoto wa mtaa ule atajifunza kuelea, katika shimo lile lile, na mzazi asiyetaka aje amwambie yeye. Mawe, mama yangu we! Ungeona maneno yaliyozuka. Wengine walisema mchawi. Lakini dereva yule wa bodaboda, baba wa marehemu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumleta mtoto wake aliyebaki, na baada ya hapo nani angekataa?

Kazi aliifanya vizuri, hilo siwezi kumnyima. Hakukuwa na maboya wala vifaa, kwa hiyo alikata vigogo vya migomba iliyokwisha kuvunwa, na kila mtoto akakumbatia chake. Kigogo cha mgomba huelea kuliko mtumbwi. Tumekaa nacho miaka yote, tukakijua kwa kulishia ng'ombe tu. Alifunga kamba ya katani toka ukingo hadi ukingo. Filimbi shingoni. Mtoto haingii bila yeye, hatoki bila yeye. Na alichowafundisha kwanza, kabla ya miguu na mikono, kilikuwa pumzi: toa ndani ya maji, geuza, vuta, toa, geuza, vuta. Ukipita barabarani ulisikia watoto wanabubujika kama vyungu vya maharage.

Koku wangu alikuwa mwoga kuliko wote. Wiki nzima alishika kigogo kama ameolewa nacho. Halafu siku moja akakiachia, akaenda, na Mama Michezo akasahau kupuliza filimbi. Nilikuwepo. Nilimwona mwanamke yule anavyomtazama mwanangu, na nikajivuna, mimi mjinga, nikajivuna kama nimechaguliwa mimi.

Tangu siku hiyo wengine waliendelea na "toa, geuza, vuta". Koku akafundishwa peke yake upande wa pili wa kamba.

Nilikuja kujua alichofundishwa mchana mmoja jikoni kwangu. Nilikuwa nimetoka kuchukua mkaa, nikarudi nikamkuta amepiga magoti mbele ya beseni la kuoshea vyombo, uso wote ndani ya maji, mikono mgongoni. Hakuna povu lililokuwa likipanda. Nilidondosha mkaa nikamvuta kwa nywele. Alikuja juu akicheka, macho mekundu.

"Mama! Umeniharibia. Nilikuwa nimefika mbali."

"Mbali wapi?"

Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Nilikwenda shimoni na aproni yangu. Mama Michezo alikuwa anakunja kamba. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo, na mengine ambayo mtu hasemi mbele ya watoto. Akaacha nimalize.

"Beseni sikumfundisha mimi," akasema.

"Nani basi?"

"Mimi nimemwambia ukweli tu. Mapafu yana uzushi, Mama Koku. Yanapiga kelele kabla hayajaumia. Mwogaji wa mbio fupi lazima ajue kuyanyamazisha."

"Na yasipokuwa yanazusha? Siku ambayo yanasema kweli, atajuaje?"

Akaangalia maji. Sijawahi kumwona mtu anaangalia maji namna ile, kwa hamu, kama mlevi aliyeapa kuacha pombe anavyoangalia rubisi msibani. "Nitakuwepo," akasema. "Filimbi yangu si unaiona?"

Wengine aliwafundisha kuishi, wangu akamfundisha kushinda. Nilimwondoa Koku pale kwa mwezi mmoja. Mwezi huo alikuwa hali, hasemi, anatembea kwenda shule amenyooka, na niliposimama mlangoni nikaona anavyopita nguzo za umeme bila kumwamkia mtu, nikajua nimechelewa. Nikamrudisha. Afadhali afanye mbele ya filimbi, nilijiambia, kuliko mbele ya beseni langu.

Na alishinda. Wilaya, mkoa, akapata nafasi katika shule moja ya Mwanza yenye bwawa la kweli, bwawa lenye mistari chini. Gazeti lilitoa picha yake. Nimeibandika mgahawani, na wateja wakiniuliza nasema ni mwanangu, na moyo unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja.

Wakati huo huo Mama Michezo alikuwa anaanza kupotea. Kidogo kidogo, mtu asiyemlisha kila siku asingejua. Aliagiza chai wakati chai iko mbele yake. Alianza sentensi akasimama katikati, macho yamefunguka, kama yuko kati ya nguzo mbili, halafu akaendelea na sentensi nyingine. Siku moja alinilipa, akatoka, akarudi kuuliza kama amekula. Alikwenda hospitali, akapimwa kichwa, akarudi akasema wamemwambia ni mishipa, ni umri. Hakuna daktari aliyesema ni pumzi. Mimi ndiye ninayesema, na mimi ni mpika chapati. Lakini mtu akikinyima kichwa chake hewa kila asubuhi toka ujana wake, kichwa kitaacha kudai?

Alipostaafu alirudi kwenye kibanja chake Ihembe, upande wa Karagwe, kahawa na migomba na nyumba ya bati. Nilimpelekea salamu kupitia watu, nikapokea salamu. Kwenda sikwenda, mgahawa haukuniruhusu, na labda sikutaka.

Juzi nilikwenda.

Koku amefikia mashindano ya taifa. Fainali ni Jumamosi, Dar es Salaam. Ana miaka kumi na saba, na kumkataza binti wa miaka kumi na saba kitu anachokiweza kuliko wote ni kumwagilia mawe. Nilijaribu. Alinisikiliza kwa simu kwa upole, akasema "Mama, wewe hujui maji," na alisema kweli. Mwalimu wake wa Mwanza aliniambia kwamba mwezi uliopita, mazoezini, alichelewa kutoa kichwa. Alichelewa kidogo, akasema, si jambo la kutisha, ameshazungumza naye. Usiku ule sikulala. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye Koku angemsikia.

Nilimkuta ameketi barazani anamenya ndizi. Zilizomenywa alikuwa anazitupa pamoja na maganda, na maganda mengine ameyaweka vizuri ndani ya sufuria. Amekonda, mabega tu ndiyo yamebaki, kama hanga la nguo.

"Shikamoo, dada."

Alinitazama kwa muda. "Marahaba. Mama Koku! Leo jua limetokea wapi?" Akacheka, na alikuwa yeye mwenyewe. Akaniletea kahawa ya kutafuna kama desturi inavyotaka, nikatafuna, na huku mikono yangu inatenganisha ndizi na maganda bila kusema kitu. Nikamweleza. Nikamwambia, "Umwambie avute. Mara moja tu. Hata akishindwa."

"Atashindwa," akasema.

"Ashindwe."

"Atakuwa wa pili, au wa tatu. Utamlaumu nani?"

"Dada, tazama hii sufuria."

Sikupanga kusema hivyo. Ilinitoka. Akaangalia sufuria, akaangalia ndizi zilizokuwa kwenye maganda, na nikaona anaelewa, na nikatamani ardhi inimeze. Kisha akanyoosha mkono, "Lete simu."

Niliweka sauti juu ili nisikie. Koku alipokea kwa furaha. "Kocha! Shikamoo!"

"Marahaba. Jumamosi una hamsini?"

"Ndiyo, kocha. Njia ya nne."

"Ukifika katikati, geuza kichwa uvute. Mara moja."

Nilisikia mtu anapiga maji kwa mbali, na mwangwi wa bwawa.

"Kocha, lakini wewe ndiye—"

"Najua nilichosema. Nilikosea. Utavuta?"

"Ndiyo, kocha," akasema Koku. "Nitavuta. Usiwe na wasiwasi."

Basi nikalia. Nilimshika Mama Michezo mikono yote miwili, ile mikono mikubwa, nikamshukuru, nikasema Mungu atamlipa, nikasema nitamletea senene msimu ukifika. Kifua changu kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ya beseni. Ilinichukua muda kuona kwamba yeye hafurahi.

"Vipi, dada? Si amekubali?"

"Amekubali haraka."

"Haraka si ndiyo vizuri?"

Alichukua ndizi, akaanza kuimenya polepole, na safari hii aliiweka mahali pake. "Baada ya siku ile niliyotolewa majini," akasema, "mama yangu alinipigia magoti. Mama mzazi, Mama Koku, kunipigia mimi magoti. Nikamwambia ndiyo mama, nitavuta, usiwe na wasiwasi. Nilimwambia haraka hivyo hivyo."

"Na ukavuta?"

"Alikuwa anakaa juu kabisa kwenye viti, anashangilia. Angejuaje?"

Kuku walikuwa wanachakura kwenye maganda na hakuna kati yetu aliyewafukuza. Nilitaka anipe neno lingine, lolote, maana hakuwa mtu wa kukosa neno. Macho yake yakaondoka, nikadhani amepotea tena. Lakini akarudi, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo.

"Usikae kwenye viti," akasema. "Nenda chini mpaka mwisho wa bwawa, kwenye ukuta. Watakufukuza, usiondoke. Watu wote watatazama nani amegusa kwanza. Wewe tazama nani ametoa kichwa."

Leo nimeufunga mgahawa. Basi la Dar es Salaam linaondoka kesho.